Siku Niliyosema Sina Mtoto

Barua ya kuniita kwenye mahojiano ilifika Sigalame kupitia sanduku la posta la shule ya msingi, kama zilivyofika barua zote za kijiji chetu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa mistari mitatu tu ya taipu. Nifike Malaba Jumanne saa tatu asubuhi, katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo forodhani, na nije na vyeti halisi, si nakala.

Nilikuwa nimesomea uhazili Kisumu. Nilirudi nyumbani na cheti kinachosema napiga maneno hamsini kwa dakika, na mimba ya miezi mitano. Mwenye mimba hiyo simtaji hapa, kwa kuwa naye hakujitaja alipohitajika. Nilijifungua msichana kwa mama, na barua ile ilipokuja mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, bado ananyonya.

Usiku kabla ya safari mama alinikunjia vitambaa viwili vya pamba vya kuweka kifuani.

"Wakikuuliza kama una mtoto, sema huna," aliniambia. "Hakuna mtu anaandika titi linalovuja."

Sikubishana naye. Tulikuwa watu watatu ndani ya nyumba ile na hakuna aliyekuwa na kazi.

Ofisi ilikuwa karibu na kizuizi cha mpaka, chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vipuri. Nje malori yalikuwa yamepangana hadi macho yanaishia, madereva wamelala chini ya magari yao. Ndani kulikuwa na watu wanne wanafanya kazi. Niliposema hodi hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa mwenye ofisi mwenyewe, mzee wa makamo mwenye shati jeupe safi, ambaye meza yake ilikuwa pale pale mlangoni. Ili uingie ilibidi upite mbele ya magoti yake, na kutoka vivyo hivyo.

Nikapewa benchi ningoje. Huwa nalikumbuka benchi lile, kwa sababu kila kitu nilichohitaji kujua kuhusu kazi ile nilikiona nikiwa nimelikalia. Saa ya ukutani ilitundikwa nyuma ya migongo ya wafanyakazi, mahali ambapo mzee peke yake angeweza kuisoma bila kugeuka. Juu ya kabati la faili palikuwa na glasi yenye kalamu tatu na miswaki miwili. Pembeni palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na mafuta yaliyokuwa yameganda ukingoni hayakuwa ya asubuhi ile. Niliyaona hayo yote. Kuhusu miswaki nilifikiri: hawa ni watu safi. Kuhusu sahani nilifikiri: mtu amesahau.

Mwanamke mmoja wa makamo, aliyeshughulikia faili, aliniashiria nimfuate nikanywe maji. Tulitoka hadi kwenye mfereji wa uani. Alifungua maji kwa nguvu, yakapiga kelele kwenye ndoo, kisha akasema bila kunitazama:

"Dada, wewe unatoka wapi?"

"Sigalame, mama. Upande wa Funyula."

"Ni mbali. Umeuliza watu wa hapa wanatoka saa ngapi?"

"Mimi sina haraka," nilimjibu. Nilidhani ananipima kama ni mvivu.

Alifunga mfereji akanitazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Lakini mzee aliita, na yeye akaingia mbele yangu.

Maswali hayakuhusu taipu. Aliniuliza kama nimeolewa, nikasema sijaolewa. Akaniuliza Jumapili huwa nafanya nini, nikasema naenda kanisani na naimba kwaya.

"Kanisa la hapa lina ibada ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Saa mbili umeshaomba, umeshaimba, umefika kazini. Una mtoto?"

"Sina, mzee."

Wakati nasema hivyo nilihisi kitambaa cha kushoto kimelowa. Nilikuwa nimetoka nyumbani alfajiri na saa ya mtoto ilikuwa imepita. Nikaikumbatia bahasha yangu kifuani kwa mikono miwili, nikakaa hivyo mpaka mwisho.

"Hapa sisi ni familia," mzee aliendelea. "Mtu akifiwa, nampa gari. Mtu akikosa karo ya mtoto, naongea na mwalimu mkuu. Mimi sitaki watu wa kuangalia saa. Una swali?"

Maswali nilikuwa nayo. Niliyabeba kutoka nyumbani: likizo ni siku ngapi, Jumamosi inaisha lini, naweza kwenda kwetu kila baada ya wiki ngapi. Yalifika kooni. Nikaona wale wengine wanavyopiga mashine bila kupumzika, nikaona aibu kuonekana nauliza kupumzika kabla sijaanza.

"Sina swali, mzee."

Alifurahi. Alinipa mkono, akachukua bahasha kutoka kifuani kwangu, akatoa vyeti vyangu vyote, vya shule na vya uhazili, akampa mama wa faili avifungie kabatini. "Nyumba za kupanga za hapa zinavuja," alinieleza. "Hapa vitakaa salama."

Nilimshukuru kwa hilo. Nilimshukuru kweli, kwa moyo mmoja.

Nilipata chumba nyuma ya soko, na maisha yangu yakawa kati ya chumba hicho na mashine. Malori yalikuwa yanaingia wakati wowote, na lori lisilo na karatasi halivuki. Dereva wa Uganda angekuja kusimama mbele ya meza yangu, ametokwa na jasho, ananiambia, "Nyabo, mama, nisaidie, nina siku ya nne hapa," na ningemsaidia, na nyuma yake kulikuwa na mwingine. Hakuna siku mzee alinikataza kwenda nyumbani. Angesema tu, "Umemaliza?" na macho ya wenzangu watatu yangeinuka pamoja, kwa sababu nisichomaliza mimi kingekuwa chao. Hivyo nilikaa. Jioni zilipita nikiwa nimekaa, na Jumapili pia, na baada ya miezi miwili niliacha kwenda hata ile ibada ya saa kumi na mbili.

Wiki za kwanza nilikuwa nakamua maziwa chooni, uani, huku nimeegemea mlango. Kisha yakapungua, yakakauka yenyewe. Mtoto aliachishwa kunyonya na barabara.

Mwezi wa tano hivi, mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake huko Bukhayo. Mzee alitimiza ahadi, akampa gari la ofisi na dereva. Niliwasikia watu wa Malaba wakimsifu kwa jambo hilo. Wachache wetu tulikwenda mazishini tukaona lilivyokuwa. Dereva alisimama nyuma ya waombolezaji muda wote akiwa ameshika ufunguo mkononi. Mwenzetu alitupa udongo, akamshika mama yake bega, na dereva akakohoa. Alirudi kazini akiwa bado na udongo kwenye viatu, akaketi, akavuta karatasi. Mzee alisimama, akampa pole ndefu mbele yetu sote. Ndipo nilipoanza kuogopa. Ningalijua jinsi ya kumchukia mtu mkali. Huyu alikuwa mwema, na wema wake wote ulikuwa na kamba.

Nyumbani nilikuwa nafika mara moja kwa mwezi, nikibahatika. Binti yangu alimwita mama yangu "mama". Mimi aliambiwa ni anti, kwa sababu majirani wa kwetu walikuwa wanapita Malaba na maneno husafiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekubali hivyo. Mama naye alitunga njia ya kunipa habari. Hatukuwa na simu, na ujumbe wowote ungepitia midomo ya wafanyabiashara na kufika ofisini mbele ya watu. Kwa hiyo mtoto akawa ndama. "Ndama ameota meno mengine." "Ndama anakimbia sasa, hashikiki." Nilikuwa nasikia hayo kutoka kwa mama mmoja wa Funyula aliyeleta dagaa wa omena soko la Malaba kila Alhamisi, nami natabasamu na kuendelea kupiga taipu.

Nilikuwa nimefikisha mwaka na kitu siku mama huyo wa omena alipokuja Jumatatu, siku isiyo yake. Alisimama mlangoni mbele ya magoti ya mzee, karai likiwa bado kichwani, akanitafuta kwa macho.

"Mama yako anasema uje," alisema kwa sauti. "Ndama ana siku tatu hali kitu. Wamempeleka hospitali ya misheni."

Ofisi ilicheka. Sikulaumu mtu, lilikuwa jambo la kuchekesha, ndama kulazwa na masista. Hata mzee alicheka akapangusa macho.

"Rudi umwambie mama yake atafute daktari wa mifugo," alimwambia mama wa omena. "Huyu ana malori kumi na moja."

Mama wa omena alinitazama. Alikuwa ametumwa maneno na ameyafikisha, hakuwa na mengine. Akashuka ngazi akaondoka.

Nilivuta karatasi nikaendelea. Bado naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya. Niliandika fomu moja yote, uzito, namba ya lori, aina ya mzigo, na nilipoichomoa nikakuta nimeipiga juu ya fomu nyingine iliyokwisha kujazwa, mistari imepandana, hakuna kinachosomeka. Mama wa faili alikuja kuichukua. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Aliinama kama anayeokota kitu sakafuni.

"Ana miaka mingapi?" aliniuliza polepole.

Nikasimama. Nilitembea hadi kwenye meza ya mlangoni.

"Mzee, si ndama. Ni mtoto wangu. Nilidanganya siku ya mahojiano."

Mashine zote zilinyamaza. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kelele, kwa kufukuzwa, na sehemu yangu moja ilikuwa inaomba kufukuzwa. Mzee aliweka kalamu chini taratibu.

"Hukunidanganya," alisema. "Blauzi yako ilikuwa imelowa, na ulikuwa umeshika bahasha kama mtu anayenyeshewa. Mimi nina watoto saba, dada. Siwezi kukosa kujua mzazi."

Nilitazama blauzi yangu, na mzee akaendelea.

"Siku ile nilikuwa nimeita wasichana watatu. Wawili walikuwa wanapiga mashine kukushinda. Lakini msichana ambaye hana mtoto anakaa miezi mitatu, anasikia Nairobi kuna kazi, ameenda. Mwenye mtoto anakaa." Alisema hayo bila ubaya, kama mtu anayeeleza namna ya kuchagua mbegu. "Sasa enda umwangalie. Alhamisi asubuhi uwe kwa mashine. Vyeti vyako viko hapa, usiwe na wasiwasi navyo."

Nilifika hospitali jioni hiyo. Ilikuwa malaria, na walikuwa wameshamtundikia maji. Mama yangu alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, miguu ameinyoosha, kanga imemlegea kichwani. Nilipomnyanyua mtoto alifungua macho, akaniangalia kama unavyomwangalia muuguzi mwenye sindano, akamnyooshea mama yangu mikono. Mama alimchukua haraka, bila kunitazama usoni, ili nisione kwamba ameona.

Jumatano homa ilishuka, akanywa uji. Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa mashine.

Watu niliowasimulia haya huniuliza hapo, kwa nini ulirudi? Nimejiuliza pia. Vyeti ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba alikuwa ameniambia ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Aliniona kwa nusu saa akajua nitakaa, na nikakaa, na kila siku niliyokaa ilizidi kumthibitishia. Nilikaa mwaka mwingine. Sasa mtoto hakuwa siri tena, na hilo lilinifunga zaidi, kwa maana mzee alianza kumtumia zawadi. Kila nilipokwenda nyumbani alinipa sukari, siku moja viatu vidogo vyekundu. Mama yangu alimuombea baraka.

Kisha nikasikia kwamba shule moja ya wasichana upande wa Namboboto, karibu na kwetu, inatafuta mhazili. Niliandika barua ya maombi kwa mkono, chumbani kwangu, ili mlio wa mashine usinisaliti. Waliponiita nilisema ofisini kwamba mtoto ana kliniki. Nilikwenda siku moja kabla. Sikuingia. Nilikaa ng'ambo ya barabara kwa mama aliyekuwa anauza njugu karanga, nikanunua, nikala moja moja, nikatazama lango.

Saa kumi na moja kasoro walianza kutoka. Mwalimu mmoja alikuwa na kabichi mbili kwenye kapu la baiskeli. Wawili walikuwa wanabishana kwa sauti kuhusu mpira. Kisha akatoka mama mmoja amembeba mtoto mgongoni, na mlinzi akamchezea mtoto mashavu kabla ya kufungua lango. Nilimuuliza muuza njugu kama huwa wanatoka hivyo kila siku.

"Wakichelewa ni mvua," alisema. "Kwani wewe ni polisi?"

Siku ya pili niliketi mbele ya mkuu wa shule, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza mambo ya kazi, nikajibu. Alipomaliza nilimuuliza aliyekuwa mhazili kabla yangu aliondoka kwa nini.

Alishangaa kidogo. "Alistaafu. Alikuwa hapa tangu shule ifunguliwe. Anaishi hapo nyuma ya kanisa, ukitaka kumuuliza."

"Na mtoto wangu akiugua?"

"Unaniambia, unaenda." Alinitazama juu ya miwani. "Huko uliko unafanyaje?"

Hakungoja jibu. Alisema mshahara wao ni mdogo kuliko wa Malaba, na kwamba angependa kuniandika, ila bodi lazima ione vyeti halisi kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Nilirudi na hiyo Ijumaa kichwani. Kumwomba mzee ingekuwa kumwambia naondoka, na alikuwa amewahi kumzungusha mwenzetu kwa vyeti vyake mpaka nafasi aliyoipata kwingine ikampita. Siku nne nilipita mbele ya lile kabati. Siku ya tano mzee alikwenda Mombasa kufuata makontena. Mama wa faili alinikuta uani nafua kitambaa cha meza.

"Ulienda kliniki gani ya siku mbili?" aliniuliza.

Nikamwambia yote. Alinisikiliza huku anatazama mlango wa ofisi. Akaingia. Aliporudi alikuwa na bahasha yangu, ile ile, chini ya kanga.

"Chukua na vyako, mama," nilimwambia. Nilikuwa nalia. "Vyako pia viko humo kabatini."

"Viko chini kabisa." Alitikisa kichwa. "Kifungua mimba wangu, mzee ndiye alimtafutia nafasi ya sekondari. Wa pili anamlipia. Mimi nitatoka niende wapi, nimwambie nini?"

"Atajua ni wewe."

"Atajua. Wewe enda kabla sijafikiri vizuri."

Nilikwenda. Sikuchukua hata sufuria zangu chumbani. Boda boda alinipeleka kwa baiskeli hadi stendi, nami nimeketi upande, bahasha nimeikalia.

Shuleni walinipa meza karibu na dirisha. Wiki ya kwanza, wengine walipofunga madroo na kuaga, mimi nilibaki nimekaa. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nangoja mtu aniulize kama nimemaliza. Mkuu wa shule alinikuta hivyo jioni ya tatu, akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Mama, tunafunga," alisema. Nikasimama haraka nikaomba msamaha, akaniuliza msamaha wa nini.

Mama wa faili nilimwona mara moja tu baada ya hapo, sokoni Busia, miaka miwili baadaye. Nilimshika mkono, nikamwambia tukanywe chai, akakubali. Mzee hakumfukuza, alisema. Hakumgombeza hata. Alimnyang'anya ufunguo wa kabati, akaihamisha meza ya mama huyo ikawa kando ya meza yake mwenyewe, pale mlangoni. Na yule mtoto wake wa pili mzee akamlipia mpaka akamaliza kidato cha nne. Alinisimulia hayo huku anapuliza chai, na hakuimaliza. Alisema amechelewa.

Binti yangu alianza darasa la kwanza nikiwa nyumbani kila jioni. Aliendelea kuniita anti muda mrefu, hata mbele ya wageni, na mama yangu alikuwa anakasirika na kumrekebisha. Mimi nilimwambia amwache. Nilikuwa nakaa naye jikoni baada ya kazi, namsaidia kuandika herufi, yeye anafuta kwa mate, anaandika tena.